Barua ya Wazi kwa Waamuzi wa Maonyesho ya Stempu: Usomeni Muhtasari Wetu kwa Kiswahili

Kalenga, Iringa

Kwa Waandaaji na Waamuzi wa Maonyesho ya Stempu ya Mashindano,
Afrika Mashariki.

Waheshimiwa,

YAH: MUHTASARI UNAOTANGULIA FREMU ZETU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kamwene, kama tunavyoamkiana huku Uheheni. Najua kazi yenu ni ya kujitolea, na wengi wenu hujilipia nauli ili mje kusimama siku nzima mbele ya vitu vya watu wengine. Kwa hilo nawaheshimu. Lakini nina dukuduku, na si langu peke yangu, ndiyo maana naliandika hadharani. Barua za faragha tulishaandika. Majibu hayakuja.

Kwa msomaji asiyeyajua mambo haya, naomba nieleze kidogo. Maonyesho ya stempu ya mashindano si meza ya kuuzia albamu. Mshiriki hupanga karatasi zake ndani ya fremu, kwa kawaida karatasi 16 kila fremu; mwenye fremu tano ana karatasi 80, mwenye nane ana 128. Kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Filateli, FIP, alama ni 100. Ukionyesha historia ya posta, mpangilio wa somo lako una alama 20, umuhimu wake 10, ujuzi na utafiti 35, hali ya vitu 10, uadimu wake 20, na mwonekano 5. Ukifika 90 umepata dhahabu. Ukiishia 60 ni shaba.

Kabla ya maonyesho, mshiriki hutakiwa kutuma ukurasa wa mwanzo pamoja na muhtasari. Huo ni karatasi moja au mbili zisizotundikwa popote, zinazosomwa na waamuzi tu. Humo unaeleza kwa nini umechagua somo hilo, lipi umeligundua mwenyewe, vitu adimu viko fremu ya ngapi, una vyeti gani vya uhalisia, na umesoma vitabu na nyaraka zipi. Si mahali pa kusimulia historia ya nchi upya, wala pa kurudia ukurasa wa mwanzo. Muhtasari wenyewe haupewi hata alama moja. Ila siku ya maonyesho mwamuzi ana dakika chache tu kwa kila mshiriki, na katika dakika hizo huona kile alichokwisha kuambiwa akitafute. Karatasi hiyo isiyo na alama ndiyo inayozigawa alama zote 100.

Sasa malalamiko yangu.

1. Lugha

Niliwahi kushiriki maonyesho fulani, ambayo sitayataja jina wala mji. Nilituma muhtasari kwa Kiswahili. Ukarudishwa na maelekezo kwamba niuandike kwa Kiingereza. Nikautafsiri, mwalimu mmoja wa sekondari akanisaidia, nikatuma tena. Baada ya maonyesho nikapokea karatasi ya alama, na kwenye nafasi ya maoni palikuwa na maneno machache tu: lugha haieleweki. Alama zilizoshuka kuliko zote zilikuwa za ujuzi na utafiti, zile 35. Naomba mnieleze waziwazi, aliyepimwa pale ni mkusanyaji wa stempu au ni mtahiniwa wa Kiingereza?

Najua mtasema FIP ina lugha zake rasmi na Kiswahili hakimo. Kwa maonyesho ya dunia, yenye mamia ya washiriki kutoka kila bara, hoja hiyo naikubali. Siikubali kwa maonyesho ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi Februari 2022. UNESCO imekipa siku yake, tarehe 7 Julai. Umoja wa Posta Afrika, PAPU, makao makuu yake yapo Arusha, mahali ambapo hata muuza karanga nje ya geti anauliza kwa Kiswahili unataka za shilingi ngapi. Na stempu zenyewe zilitutangulia zamani, kwani zile za uhuru wa Tanganyika za tarehe 9 Desemba 1961 zimeandikwa "Uhuru 1961", na sijasikia mwamuzi hata mmoja aliyeshindwa kuzielewa.

Mwenzangu mmoja wa Mbeya ana bahasha za ndege ambazo wengi wenu mngezitamani. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilipofungua njia yake ya ndege hadi Cape Town, Mbeya ilikuwa mojawapo ya vituo, na barua za wachimba dhahabu wa Lupa, kule Chunya, zikaanza kuruka badala ya kusafiri kwa wiki nyingi. Mzee huyu anazijua safari zile kuliko mtu yeyote ninayemfahamu: ndege ipi ilichelewa, muhuri upi ulibadilishwa lini. Alipoambiwa aandike kurasa mbili za Kiingereza, alifunga sanduku. Hadi leo halijafunguliwa.

2. Umuhimu

Hapa ndipo nina maneno mengi, mnivumilie.

Alama 10 za umuhimu mnazitoa kwa kuangalia somo lina uzito gani katika filateli ya dunia. Posta ya Iringa, ikitazamwa kutoka mbali, ni kituo kidogo cha bara. Mwamuzi asiyeelezwa lolote atatoa alama tano au sita na kupita, na sitamlaumu. Ni kazi ya muhtasari kumwambia asimame. Lakini utamwambiaje asimame kama unaruhusiwa karatasi moja au mbili tu, kwa lugha usiyoimudu, na mwongozo mliotupa unasema tu "eleza umuhimu" bila mfano hata mmoja wa mahali panapofanana na kwetu?

Fremu yangu ya kwanza inaanza na stempu ya Wajerumani ya mwaka 1901, ile yenye picha ya Hohenzollern, meli ya Kaisari, ikikata mawimbi. Juu ya mawimbi yale umegongwa muhuri wa Iringa, mji ambao wakati ule ungetembea wiki kadhaa kabla hujaiona bahari. Meli ilifuata nini huku milimani? Ilifuata vita. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walimuua kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski na kulisambaratisha jeshi lake. Tarehe 30 Oktoba 1894 jeshi la Gavana von Schele likaja kulipiza, likalivunja boma la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, hapa Kalenga. Mwaka 1896 Tom von Prince akaweka kituo cha kijeshi mahali ulipo mji wa Iringa leo. Kilichofuata ni maofisa, wamisionari na wafanyabiashara, nao walihitaji kuandika barua. Muhuri ule una chimbuko lake Kalenga, na hilo haliandikwi kwenye orodha yoyote ya bei za stempu.

Songeni mbele hadi 1916. Jeshi la Waingereza la Jenerali Northey liliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likachukua Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, kisha likaingia Iringa mwishoni mwa Agosti. Kwa ajili ya jeshi hilo stempu za Nyasaland zenye sura ya Mfalme George wa Tano ziligongwa herufi N.F. juu yake, za thamani tano tu. Wakusanyaji wa Ulaya wanazijua vizuri na wanazigombea minadani. Katika baadhi ya maonyesho yao huwekwa chini ya Nyasaland, kama mkia wa hadithi ya koloni jingine. Mimi ninaziweka chini ya Nyanda za Juu Kusini, mahali zilipofanya kazi. Huo ni uamuzi wa mpangilio, una alama 20 zake, na ni muhtasari peke yake unaoweza kuutetea.

Halafu kuna Wapolandi. Wakati wa Vita vya Pili wakimbizi kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto waliopitia Urusi na Uajemi, waliwekwa katika kambi za Tanganyika, mbili kati ya hizo zikiwa Ifunda na Kidugala. Bahasha zao zina anuani za Kipolandi, stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika, na karatasi za wakaguzi wa barua zilizobandikwa pembeni. Ukiiona moja unajua mara moja kwamba Ifunda haikuwa kando ya dunia.

Na kuna tarehe moja ninayoitafuta bado. Jumamosi ya tarehe 19 Juni 1954 Gavana Edward Twining alilirudisha Kalenga fuvu la Mkwawa, lililokuwa limechukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, ulikuwa umeitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Ikapita miaka zaidi ya 30. Fuvu lipo hapa makumbusho, jirani yangu. Natafuta bahasha yenye muhuri wa Iringa wa siku hiyo. Najua kanuni haziniruhusu kutundika picha ya makumbusho mahali pa bahasha, na sizipingi, maonyesho ya posta yaonyeshe posta. Ninachouliza ni hiki: siku nikiipata, bahasha yenyewe haitasema lolote, itakuwa na stempu, muhuri na anuani ya mtu. Bila mistari mitatu ya muhtasari inayosomeka, mtaipita kama mnavyopita nyingine.

3. Vyanzo

Mnataka orodha ya vitabu. Sawa. Vitabu vya posta ya Deutsch-Ostafrika vimeandikwa kwa Kijerumani, vya Tanganyika kwa Kiingereza, na vingi vimechapishwa nakala chache na vyama vya wakusanyaji wa huko huko. Iringa huvipati. Mshiriki wa London anashuka ngazi mbili anaingia maktaba. Mimi nikitaka kitabu hicho hicho nakiagiza kwa bei ya mbuzi wawili, nikiwa na bahati.

Tulicho nacho sisi mnakikataa. Nitatoa mfano. Nina bahasha ya mwaka 1924. Ina stempu mbili za twiga wa Tanganyika, zile zilizotoka 1922, senti 10 za kijani, na muhuri wa Iringa umekaa sawasawa kwenye shingo ya twiga wa kwanza. Mgongoni kuna muhuri wa Dodoma, siku tano baadaye. Kona ya chini kulia ina baka la maji lenye ukingo wa udongo mwekundu. Kwa nini Dodoma? Kwa sababu reli ya kati ilipita huko, na barua ya Iringa ilipaswa kwanza kuifikia reli. Ni zaidi ya kilomita 250, na katikati kuna Ruaha Mkuu, mto ambao leo umezibwa na bwawa la Mtera. Nani aliibeba? Mzee mmoja wa huku, ambaye baba yake alikuwa tarishi, alinisimulia alivyoambiwa: jinsi walivyopokezana mifuko njiani, walipolala, na jinsi mto ulipofurika walivyokaa ng'ambo wakisubiri maji yapungue. Mwezi ulio kwenye muhuri ni Machi, katikati ya masika. Baka lile, muhuri ule na simulizi ile vinakubaliana.

Niliyaandika haya kwenye muhtasari kama utafiti wangu mwenyewe. Nikakatwa alama kwa kukosa vyanzo vya kuaminika, kisha nikakatwa tena kwenye hali ya kitu, kwa sababu ya baka. Kwa hiyo kilichonipa ushahidi ndicho kilichoniponza. Sidai kwamba kila simulizi ni kweli. Nasema simulizi inayokubaliana na muhuri ni chanzo, na kumbukumbu ya mtoto wa tarishi ina haki ya kuwekwa kwenye orodha karibu na kitabu cha mtu ambaye hajawahi kukanyaga Mtera.

4. Uadimu

Hapa nitakuwa mfupi. Mmezoea kupima uadimu kwa bei za minada ya Ulaya. Bahasha ya Ifunda isiyowahi kupita mnadani haina bei, basi kwenu haina uadimu, ingawa huenda zimebaki za kuhesabika kwa vidole. Kuhusu vyeti nakubaliana nanyi kabisa. Herufi za N.F. zimeghushiwa sana, na za G.R. Mafia, za kisiwa cha Mafia, zaidi, na asiye na cheti asilalamike akitiliwa shaka. Lakini kupeleka stempu kwa wataalamu wa Royal Philatelic Society London, pamoja na ada, bima na wasiwasi wa kuiachia njiani, si jambo la mstaafu wa Kalenga. Tuwekeeni hata mtu mmoja wa Afrika Mashariki wa kutazama kwanza na kutuambia kama safari hiyo ina maana.

5. Majibu

Mshiriki anayeshindwa haelezwi kwa nini. Anapewa tarakimu, na akibahatika maneno machache. Mwanafunzi wa darasa la saba akifeli hesabu, mwalimu humwonyesha alipokosea. Sisi watu wazima tunapewa 68 na kuagwa. Tungeambiwa kwamba muhtasari haukuonyesha lipi ni jipya, au kwamba fremu ya tatu haikulingana na ahadi ya ukurasa wa mwanzo, tungerekebisha na kurudi. Wengi hawarudi. Nawajua.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo:

(a) Katika maonyesho yote yatakayofanyika Afrika Mashariki, muhtasari na ukurasa wa mwanzo vipokelewe kwa Kiswahili, na kila jopo liwe na angalau mwamuzi mmoja anayekisoma kwa ufasaha. Asiwe mkalimani wa dharura aliyeokotwa mapokezi, awe mwamuzi mwenye kura.

(b) Mwongozo wa kuandika muhtasari utolewe kwa Kiswahili, ukiwa na mifano miwili au mitatu kamili ya masomo ya kwetu. Uonyeshe pia wapi alama zilipatikana na wapi zilipotea.

(c) Simulizi zilizorekodiwa kwa jina la msimulizi, mahali na tarehe, pamoja na majalada ya Nyaraka za Taifa, zitajwe wazi kwenye kanuni zenu kuwa vyanzo halali.

(d) Kila mshiriki apewe maoni ya maandishi, hata nusu ukurasa, kabla fremu hazijaondolewa. Hili halina gharama zaidi ya kalamu.

(e) Kuwe na daraja la fremu moja kwa wanaoanza, kwa ada ambayo mwalimu au mkulima anaweza kuilipa. Karatasi 16 zilizofikiriwa vizuri zinafundisha zaidi ya 80 zilizojazwa ili kufunika ukuta.

Kwa Shirika la Posta Tanzania, ninalolipelekea nakala, nina ombi la pembeni. Posta za mikoani zina mihuri ya chuma isiyotumika tena, na madaftari ya kufunguliwa na kufungwa kwa ofisi ndogo za vijijini. Tunaomba vitu hivyo vihesabiwe, vihifadhiwe, na sisi turuhusiwe kuvisoma. Nusu ya maswali ambayo waamuzi hutuuliza, majibu yake yamo humo.

Mkiona haya ni makuu, tazameni kinachoendelea huku. Mzee akifariki, sanduku lake la barua linafunguliwa siku ya arobaini. Vijana wanatoa vyeti vya shamba na kitabu cha benki, vingine wanavitumia kuwashia moto wa kuchemshia chai ya wafiwa. Vinavyonusurika moto vinaliwa na mchwa, au vinanunuliwa kwa bei ya soda na mpita njia anayejua anachokinunua, kisha unavikuta mtandaoni vikiuzwa kwa yuro. Huko vitapata fremu nzuri, na muhtasari utakaoandikwa kwa Kiingereza safi au Kijerumani safi, na humo Kalenga itakuwa mstari mmoja kuhusu "uasi". Ninyi mtautunuku dhahabu, na kwa kanuni zenu mtakuwa sahihi.

Ninao vijana sita wa shule ya hapa wanaokuja kwangu Jumamosi kupanga stempu. Wanajua kutofautisha stempu ya Wajerumani ya pesa na ya heller, sarafu za enzi ile, na mmoja wao, binti wa kidato cha pili, ndiye aliyeniuliza kwa nini baka lile limekaa kona moja tu. Nikamwambia mfuko ulikuwa umebebwa kichwani wakati wa kuvuka. Akaniambia hapana, ungelowa chini wote. Ulikuwa umefungwa mgongoni, kona moja ikaning'inia. Nimeiongeza hoja yake kwenye rasimu, kwa jina lake, na nataka isomwe na mtu anayeweza kubishana naye.

Maonyesho yenu yajayo nitaleta fremu moja. Muhtasari utakuwa kurasa mbili, kwa Kiswahili. Naomba mumtafute msomaji wake mapema.



Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkusanyaji wa stempu,
Kalenga, Iringa

Nakala:
Shirika la Posta Tanzania, Dar es Salaam
Umoja wa Posta Afrika (PAPU), Arusha